Baada ya Kipaimara: Namna ya Kumlea Kijana Hadi Awe Mtumishi

Jumapili ya kipaimara kanisa hujaa hadi nje. Watoto wamevaa nyeupe, mama wadogo na wajomba wamefika kutoka mikoani, nyumbani mbuzi amekwisha chinjwa, na mpiga picha hana pa kupita. Rudi Jumapili ya tatu yake uhesabu. Mwaka mmoja mtaa wetu ulibariki vijana 31. Wiki mbili baadaye nilihesabu 9. Hali hiyo nilikuwa nimeizoea, maana nimefundisha kipaimara miaka 14, lakini siku ile niliona aibu. Kwa miaka miwili tulikuwa tumewafundisha Amri Kumi, Imani na Baba Yetu, wakavikariri vizuri, na hatukuwahi kumpa hata mmoja wao kazi ambayo asingeifanya pengo lingeonekana. Walihitimu, wakaondoka, kama anavyoondoka yeyote aliyehitimu.

Tangu hapo tumebadilisha namna ya kufanya, na haya ninayoandika ni yale tuliyoyajaribu. Ninamwandikia mwalimu wa vijana, mzee wa kanisa, mwinjilisti, na mzazi pia. Sisi ni Walutheri wa KKKT, kwa hiyo nitasema mtaa, usharika, baraza la wazee. Ndugu Mkatoliki aweke kigango na parokia, na Mpentekoste aweke maneno ya kwao. Jambo ninaloliamini ni hili: kijana hujifunza utumishi kwa kukabidhiwa kazi ya kweli, mtu mzima akiwa kando yake, hata kabla hajaonekana kuwa tayari. Semina za utumishi nimeziandaa nyingi. Hazikunipa mtumishi hata mmoja.

Hatua ya kwanza: wajue walipo, kisha wafuate

Chukua rejista ya kipaimara ya miaka mitatu iliyopita. Nakili majina yote kwenye daftari la kawaida, na mbele ya kila jina andika yuko wapi sasa: bweni, shule ya kata, gereji, saluni, bodaboda, kahamia kwa shangazi, sijui. Hilo "sijui" liandike bila kuona haya, kwa kuwa ndilo litakalokutoa nyumbani. Wagawe kwa jumuiya, maana mwenyekiti wa jumuiya anazijua nyumba ambazo wewe hujawahi kufika.

Usiitishe kikao. Mfuate kijana alipo, na kwa saa inayomfaa yeye: kijiweni saa nne asubuhi abiria wakiwa wamepungua, saluni Jumanne na kamwe si Jumamosi. Usianze na "mbona huonekani kanisani?" Swali hilo limebeba hukumu, naye atakujibu kwa uongo wa heshima, "niko bize kidogo mwalimu, nitakuja," na hapo mazungumzo yamekufa. Msalimie, muulize kazi inaendaje, mama hajambo, halafu umwombe jambo moja analoliweza. Kijana mmoja fundi redio nilimwambia, "Spika ya kulia kanisani inakoroma. Ungeweza kupita Ijumaa uiangalie?" Alikuwa hajakanyaga kanisani miezi minane. Alikuja Ijumaa akaitengeneza, akaja Jumapili kusikiliza kama imekaa sawa, na Jumapili iliyofuata alikuja tena kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kuigusa mitambo ile.

Hatua ya pili: fungua nafasi kanisani

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na ugumu wake hauko kwa vijana. Uko kwetu. Kaa na baraza la wazee, andikeni kwenye karatasi kila kazi inayofanyika tangu kengele ya kwanza hadi mnada wa mazao baada ya ibada: kupokea wageni, kusoma masomo, kuongoza sala ya kanisa, kukusanya sadaka, kuhesabu sadaka, kinanda, mitambo, matangazo, shule ya Jumapili, kutembelea wagonjwa, kunadi. Mbele ya kila kazi andikeni jina la anayeifanya na miaka aliyoifanya. Kwetu kulikuwa na mzee aliyenadi mfululizo miaka 19. Alinadi vizuri, tena kwa furaha, na hakuna kijana aliyewahi kufikiri kwamba kazi ile inaweza kuwa yake.

Wasomeeni wazee Hesabu 8:24-26. Mlawi aliingia kazini akiwa na miaka 25, na akifikisha 50 aliiacha ile kazi nzito, akabaki hemani akiwasaidia ndugu zake. Mungu mwenyewe ndiye aliyeweka utaratibu huo, na mzee wa miaka 50 hakufukuzwa: alipewa kazi ya kusimama karibu. Mzee wetu wa mnada alipousikia mstari huo alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Basi nileteeni mmoja nimfundishe." Alimfundisha kuita bei, kuwachangamsha watu bila kuwaaibisha, na kuandika jina la anayechukua kwa mkopo.

Kila kazi iliyoandikwa pale, amueni ni ipi kijana anaweza kuijifunza ndani ya miezi mitatu. Zitakuwa nyingi kuliko mnavyodhani. Mtakapofika kwenye kuhesabu sadaka, patatokea ubishi. Msikimbie. Wekeni vijana wawili mezani pamoja na wazee wawili, wote watie sahihi, na hesabu isomwe siku hiyohiyo. Kijana aliyeona kwa macho yake jinsi fedha ya Bwana inavyohesabiwa, na jinsi shilingi mia ya mjane inavyoingizwa kwenye kitabu, hatasema tena maneno ya vijiweni kuhusu sadaka.

Mnaodhani haya ni mambo ya kisasa, kumbukeni Unguja. Mwaka 1864 Sultani alimkabidhi Askofu Tozer wa UMCA, misheni ya Waanglikana, wavulana watano waliookolewa utumwani. Mmoja wao aliitwa John Swedi. Miaka sita tu baadaye, mwaka 1870, yeye na mwenzake George Farajallah waliwekwa kuwa mashemasi wasaidizi, na mwaka 1879 Swedi akawa shemasi kamili. Mtoto asiye na baba wala mama wa kumwombea nafasi alikabidhiwa huduma ya kanisa akiwa bado kijana. Sisi tunaye mtoto aliyezaliwa humu humu, tumembatiza wenyewe, na ana miaka 20 tunamwita tu siku ya kubeba viti vya harusi.

Hatua ya tatu: zamu nne

Usimpe kijana kazi kisha ukaondoka, na usimshike mkono mwaka mzima. Sisi tunatumia zamu nne. Zamu ya kwanza anatazama tu. Ya pili anasaidia. Ya tatu anafanya yeye, mwenza wake, yaani mtu mzima anayemfundisha, akiwa hatua mbili nyuma. Ya nne anafanya peke yake, na mwenza anakaa na washarika wengine.

Chukua kusoma somo la Jumapili. Alhamisi jioni ingia naye kanisani tupu, kipaza sauti kikiwa kimezimwa, wewe usimame mlangoni. Kama humsikii, asipige kelele, apunguze mwendo. Majina magumu, Nebukadneza, Melkizedeki, Wathesalonike, ayatamke mara tano. Muulize habari hii inamhusu nani na imetokea kwa nini, maana mtu asiyeelewa anachosoma hulitia mkazo neno lisilostahili, na washarika hawatajua kwa nini hawakuelewa. Akasome nyumbani mbele ya mama yake, kisha kwenye jumuiya, ndipo Jumapili. Baada ya ibada mwite pembeni, umwambie jambo moja lililokaa vizuri na jambo moja la kurekebisha. Moja tu. Na usimkosoe mbele za watu hata kwa utani. Nimempoteza msomaji mzuri sana kwa sababu mtu mzima mmoja alimwigiza jinsi alivyokwama, watu wakacheka.

Shule ya Jumapili ni njia nzuri kwa wale wenye haya. Binti wa miaka 15 asiyeweza kusema neno mbele ya wazee atasema mbele ya watoto wa miaka mitano. Mpe dakika kumi za hadithi, basi. Nyimbo na mistari ya kukariri ibaki kwa mwalimu wake. Ajifunze habari ya Samweli alivyoitwa usiku, aisimulie bila kitabu, mtoto mmoja awe Eli amelala kwenye mkeka, mwingine akimbie mara tatu. Wakati wa kusema "Nena, BWANA, kwa kuwa mtumishi wako anasikia," watoto wote waseme naye. Nimemwona msichana akilisema neno hilo na watoto mpaka sauti yake ikabadilika. Sikumuuliza kitu. Yalikuwa kati yake na Bwana.

Lakini kazi niliyoiona ikigeuza mioyo kuliko zote ni kuwatembelea wazee na wagonjwa. Jumamosi mchana vijana watatu na mtu mzima mmoja huenda nyumba mbili, zisizidi. Nyumba ipewe taarifa mapema. Wanafika, shikamoo bibi, kisha kazi kwanza: madumu yajazwe maji, uwanja ufagiwe, kuni zipasuliwe. Ndipo wakae, wasome zaburi moja, 23 au 121, wimbo mmoja anaoupenda mwenyeji, sala fupi. Mwisho wamwombe bibi awaombee wao. Hapo ndipo penyewe. Bibi asiyeona vizuri huuliza jina la kila mmoja na ukoo wake, akawashika vichwa, akamweleza Mungu habari zao. Vijana wangu hurudi kimya njia nzima. Simu zikae mfukoni, na picha zisipigwe: umaskini wa bibi yule haukuwekwa pale ili uoneshwe kwa watu.

Hatua ya nne: Neno, na maswali yao ya kweli

Kazi peke yake itamchosha kijana. Baada ya mwaka atakuwa fundi mitambo mzuri asiyesali. Kwa hiyo kila wiki wapeni saa moja ya Neno, wasiozidi 12 katika kundi. Fungu lisomwe mara mbili. Mmoja alisimulie akiwa amefunga Biblia, wengine wamkumbushe alichoacha. Kisha maswali matatu: habari hii inanionesha nini kuhusu Mungu, ni nani humu anayefanana na mimi, na kabla ya Jumapili nitafanya nini, kwa nani, siku gani. Swali la tatu lijibiwe kwa jina na siku. "Nitakuwa na upendo zaidi" halikubaliki. "Jumatano nitamrudishia kaka hela yake" linakubalika, na wiki ijayo anaulizwa.

Weka pia kopo la maswali, wasiandike majina. Utakutana na mambo ambayo hayamo kwenye mtaala: kubeti, uchumba, mganga aliyeitwa na baba mwenyewe, mafuta na maji ya upako, bosi anayetaka kitu kabla ya kumpa msichana kazi. Yajibu yote. Usilolijua sema "nipeni wiki moja," nenda kwa mchungaji, urudi na jibu. Ukiwakemea kwa kuuliza, wataendelea kuuliza, ila si kwako.

Waambie pia habari za vijana wenzao wa Afrika Mashariki. Karoli Lwanga alikuwa mkuu wa vijana watumishi katika jumba la Kabaka Mwanga wa Buganda, naye mwenyewe hakuwa mtu mzima sana. Hatari ilipowafikia aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wanafundishwa, akiwemo Kizito, mtoto wa miaka 14 hivi. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Kwangu habari hii inagusa zaidi kwa jambo moja: aliyewatia nguvu wadogo alikuwa kijana mwenzao.

Hatua ya tano: rudi nyumbani kwao

Katekisimo Ndogo ambayo watoto wetu wanaikariri, Martin Luther aliitoa mwaka 1529 baada ya kuzunguka sharika za Saksonia, Ujerumani, na kuona jinsi watu wasivyojua mambo ya msingi ya imani. Vichwa vya sehemu zake vinasema wazi kwamba ni mambo ambayo mkuu wa kaya awafundishe watu wa nyumbani mwake. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya meza ya chakula, nasi wazazi tumekiacha kwa mwalimu wa Jumamosi.

Kwa hiyo waite wazazi kabla kipaimara hakijafika, uwaombe mambo mawili. La kwanza, sala ya jioni nyumbani, hata ya dakika tano, na angalau mara moja kwa wiki kijana aiongoze, baba akiwepo. La pili, wakubaliane na wewe kuhusu ratiba. Mzazi anayesema "asome kwanza, kanisa lipo" hana ubaya. Anaogopa matokeo ya kidato cha nne. Mwoneshe kwa maandishi kwamba kijana atakuwa na zamu moja kwa wiki, na mwezi wa mitihani hatakuwa na zamu kabisa. Ulitunze neno hilo. Ukilivunja mara moja, mlango utafungwa kwa mdogo wake pia.

Hatua ya sita: fuata kalenda yao

Kidato cha nne wanamaliza mitihani Novemba. Matokeo hutoka mwishoni mwa Januari au hapo karibu, na wanaochaguliwa kidato cha tano huanza Julai. Kijana anakaa nyumbani zaidi ya miezi saba, mikono mitupu, moyo juu juu. Ndiyo miezi anayopotea, nayo ndiyo miezi bora ya kumfundisha kinanda, mitambo, au kushinda siku nzima na mwinjilisti akizunguka mtaani. Panga jambo hili tangu Oktoba. Matokeo yakitoka, nenda kwanza kwa waliofeli. Waliofaulu watakuwa na watu wengi nyumbani.

Anayekwenda bweni mpe barua ya utambulisho na umwambie atafute UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo shuleni, wiki ya kwanza, kabla hajapata kundi lingine. Akirudi likizo zamu yake iwe inamsubiri kwenye ratiba, jina lake limeandikwa.

Ulinzi: usifanye lolote kati ya haya bila huu

Mtu mzima asikae peke yake na mtoto mahali palipofungwa, awe mwalimu, mzee au mchungaji. Safari iwe na watu wazima wawili, na kama kuna mabinti, mmoja awe mwanamke. Wazazi watie sahihi. Mwalimu asiwe na mazungumzo ya siri ya usiku kwenye simu na mwanafunzi. Mtoto akisema ametendewa jambo baya, msikilize, usimwahidi kwamba utaficha, na usikae kikao cha kusuluhisha: peleka Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo. Jina zuri la kanisa halilindwi kwa kunyamazia jambo kama hilo.

Akianguka

Wataanguka. Nitasema wazi jambo linaloniuma. Binti wa kwaya akipata mimba, wiki hiyohiyo anasimamishwa. Mvulana aliyempa mimba, ambaye mara nyingi yuko sauti ya tatu au ya nne nyuma yake, anaendelea kuimba. Nimeliona jambo hili zaidi ya mara moja na niliwahi kulinyamazia. Kama kuna utaratibu wa kurudi kundini, uwe kwa wote wawili, na uwe na siku ya mwisho inayojulikana, isiwe adhabu isiyo na mwisho.

Wakati huo aliosimamishwa ndio wa kumtembelea, tena mara nyingi kuliko kawaida. Marko aliiacha safari ya Paulo Pamfilia, na baadaye Paulo akakataa kabisa kwenda naye, hata yeye na Barnaba wakatengana. Barnaba akamchukua. Miaka ikapita, na Paulo mwenyewe akaandika kutoka kifungoni, "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi." Kila mtaa unahitaji Barnaba mmoja, na ni vema baraza limteue kwa jina. Kwetu ni mama mmoja muuza ndizi. Hana cheo kingine chochote. Vijana sita wanaotumika leo walirudi kwa kupitia jikoni kwake.

Hatua ya mwisho: achia

Mwaka wa pili vijana wachague viongozi wao, kwa kura ya siri, kipindi cha miaka miwili. Wapewe bajeti, hata ya shilingi 50,000, na wasome mapato na matumizi mbele ya usharika kama idara nyingine. Wewe kaa nyuma. Kikao chao cha kwanza kitakuwa kirefu na cha fujo, usisimame. Wakikosea hesabu waonesheni baadaye, warekebishe wao. Jambo la kuingilia papo hapo ni usalama wa mtu, au neno linalomwumiza mwenzao.

Januari fungua lile daftari la mwanzo. Yaongeze majina ya kipaimara kipya, tafuta waliobaki "sijui", gawa kwa jumuiya. Safari hii kalamu ashike mmoja wa vijana, wewe umtajie majina.